Jiwe Langu la Mdako

Nilipokuwa mtoto, watu wa mtaa wetu, huku Kampala, njia ya kwenda Ggaba kando ya ziwa, walikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa gari la askari. Ya pili ilikuwa jiwe. Gari hatukulitaja hata tukiwa chini ya blanketi. Jiwe tulilitaja asubuhi na jioni, kwa sauti, na nadhani ndiyo maana tulilipenda kidogo: lilikuwa hofu ambayo mtu aliruhusiwa kuisema.

Jiwe lenyewe liliitwa Mgongo. Lilikuwa limelala kwenye mteremko wa kilima, chini kidogo ya shule yetu, kama ng'ombe aliyepiga magoti akazikwa nusu, mgongo nje, tumbo ardhini. Lilikuwa jeusi, na mvua ikilinyeshea liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Siku hizi limezungushiwa waya, lina geti, lina mlinzi, na lina ubao wa serikali unaosema kwamba huu ni mwamba wa kale sana, ni hifadhi, na ni marufuku kubeba jiwe lolote. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini ubao ule nimeusoma vizuri, kwa miwani na bila miwani. Nilicheka peke yangu pale getini mpaka mlinzi akanikodolea macho. Marufuku kubeba jiwe! Bibi yangu alisema maneno hayo hayo, na hakuna aliyempa mshahara.

Bibi huyo alikuwa mama yake baba. Babu yake alifika Buganda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, akaoa huku, akazika huku, akazikwa huku. Basi sisi tukawa Waswahili wa Kampala: nyumbani Kiswahili, sokoni Kiganda, msikitini Kiarabu tulichokariri bila kukielewa. Bibi aliswali swala tano na hakuruka hata moja. Lakini kila Ijumaa alifunga punje chache za kahawa kwenye pindo la leso, akashuka hadi kwenye Mgongo, akaziacha juu yake. Majirani walisema ndani ya jiwe mnakaa musambwa, yaani mzimu wa mahali pale. Mwalimu wa madrasa alipomkemea, Bibi alimjibu, "Mwalimu, Mungu ni Mungu, na jirani ni jirani. Kwani wewe jirani yako humpi hata kahawa?"

Sheria ya Mgongo ilikuwa fupi: ukibeba jiwe moja, utatoa mtu mmoja. Na ukitaka kurudishiwa mtu wako, rudisha jiwe, weka kahawa, kisha kaa kimya siku saba. Usimtafute, usimwite jina. Ukimtafuta, Mgongo unafunga mlango.

Bibi hakuyapata mambo haya kwa kusimuliwa. Mumewe, mtu mbishi, alichukua mawe matatu pale akamtengenezea mafiga mapya. Kabla mafiga hayajapata masizi ya kutosha, surua ilipita nyumbani ikaondoka na watoto watatu. Mafiga matatu, watoto watatu. Bibi akayabeba mawe yale mwenyewe, moja moja kichwani, akayarudisha. Baba yangu alizaliwa baada ya hapo, akabaki peke yake kama jino la mwisho kinywani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi ya kututisha. Sasa na mimi nimezika, na sithubutu kumcheka mama aliyezika watatu. Surua haimwambii mtu kwa nini imekuja. Mafiga angalau yanasema.

Baba aliitwa Rajabu. Alikuwa na lori la bluu, lililochoka, akibeba samaki kutoka Ggaba kupeleka sokoni mjini. Alinuka samaki mpaka sikukuu. Enzi zile za utawala wa askari, gari lililolala nje liliamka na mwenyewe mwingine, kwa hiyo kila jioni Baba alifungua boneti akachomoa rota. Kwa asiyejua, rota ni kipande kidogo cheusi, urefu wa kidole gumba, kinachokaa juu ya injini na kuugawa moto. Bila hicho injini haiwaki hata uisomee dua ya mwaka mzima. Baba alikizika ndani ya debe la unga jikoni, asubuhi akakifukua, akakipuliza unga, akakirudisha mahali pake. Tuliojua tulikuwa wanne: yeye, Mama, Bibi na mimi. Nilikuwa mtoto wao pekee, na siri ile niliilinda kama dhahabu.

Siri nyingine niliyoilinda ilikuwa yangu mwenyewe. Tulikuwa wazimu wa mdako, wasichana wote wa darasa la tatu. Unachimba kishimo, unatia vijiwe, unarusha kimoja juu, na kabla hakijaanguka unakumba vingine na kukidaka. Jiwe la kurusha ndilo kila kitu. Likiwa jepesi linakudanganya, likiwa na pembe linakuumiza. Rafiki yangu Sauda, mtoto wa ukoo wa Wanubi, wale wa askari wa zamani kutoka Sudani, alikuwa na jiwe lililonipiga wiki tatu mfululizo.

"Wewe una mikono ya bata," aliniambia. "Kacheze na kina kaka zako."

"Sina kaka."

"Basi kacheze na bata."

Siku hiyo nilipotoka shule nilipita kwenye Mgongo. Katikati ya ule weusi palikuwa na mshipa mweupe uliopinda kama nyoka, na chini yake vilikuwa vimemeguka vijiwe vyeupe, laini, vizito, kama vilitengenezwa kwa ajili ya kiganja changu. Nilitazama kushoto na kulia. Nikachukua kimoja. Nilimshinda Sauda siku mbili mfululizo, na jiwe nikalificha chini ya mkeka wangu wa kulalia.

Hayakupita majuma mawili, kapteni mmoja wa jeshi akaja.

Alikuja alasiri, na askari mmoja, kwa gari dogo safi. Alikuwa anajijengea nyumba upande wa ziwani, mtaa mzima ulijua. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akalitazama lori, akauliza, "Nani mwenye hii lori?"

"Mimi, afande," Baba akasema.

"Kesho asubuhi lori yako itabeba mawe. Ile jiwe kubwa pale chini ya shule. Watu ya kuvunja iko tayari."

"Afande, kesho nina samaki wa watu."

"Samaki imeshakufa. Itangoja."

Askari akacheka. Baba naye akacheka. Kapteni akitania, ulicheka, hata kama meno yalikuwa yanagongana.

Gari lilipoondoka, Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Rajabu, hutabeba."

"Mama, mtu yule hakuomba."

"Na lile jiwe haliombi."

Mama yangu, ambaye kwa kawaida hakuinua sauti mbele ya mama mkwe wake, alisema, "Mama, nisamehe. Lakini jiwe halina bunduki."

"Nyamaza wewe," Bibi akamwambia. "Wewe hujazika."

Baba alijaribu kuligeuza mzaha, ndivyo alivyokuwa. "Mama, nitachukua yale ya pembeni, yaliyokwisha meguka. Mgongo wenyewe sitaugusa. Na Ijumaa nitakununulia gunia zima la kahawa, umpelekee huyo jirani yako mpaka akose usingizi."

Bibi hakucheka. Alininyoshea mwiko mimi, niliyekuwa nimekaa kizingitini. "Una mtoto mmoja, Rajabu. Na mimi nina mmoja. Sasa wewe chagua nani kati yao atalipia ukuta wa kapteni."

Baba akachoka. "Nitabeba, Mama," alisema polepole. "Nikikataa, hatabaki wa kuchagua."

Nilisikia kila neno, na nikaenda kulalia jiwe langu. Nililihisi chini ya mkeka kama mtu anavyohisi jipu. Niliwaza kulirudisha asubuhi kabla ya shule. Niliwaza pia kwamba nikilirudisha, Sauda atanishinda tena. Nasema ukweli, sina wa kumficha: mawazo yote mawili yalikuwa na uzito sawa.

Asubuhi, baada ya swala, Baba aliingia jikoni. Alitia mkono kwenye debe la unga, akapapasa, akapapasa tena, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akamwaga unga wote kwenye ungo. Mama akapiga kelele kuhusu unga. Rota haikuwamo.

"Mama," Baba alimwita Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mswala anavuta tasbihi, "umeiona rota?"

"Mimi na mambo ya magari wapi na wapi?"

Baba alimtazama. Mimi nilidhani anangoja amwombee dua. Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu nusu, kama mtu aliyefungwa goli na timu yake mwenyewe, akatoka nje kufungua boneti ambayo alijua haitamsaidia.

Mama alielewa vingine. Alidhani Baba ndiye ameificha, kwamba kumwaga unga kulikuwa mchezo wa kuigiza, kwamba usiku amemsikiliza mama yake na kumpuuza mkewe. Alimfuata hadi kwenye lori, akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudisha, Rajabu. Tafadhali. Rudisha." Baba akasema, "Siioni, mke wangu." Hakumtaja Bibi. Si kwa mkewe, wala kwa wale waliokuja.

Kapteni alifika jua likiwa bado halina ukali. Safari hii walikuwa wanne.

"Mbona lori imelala?"

"Haiwaki, afande. Rota imepotea."

"Imepotea?" Kapteni alimshika Baba mkono, kwa upole, kama daktari, akautazama ule unga uliobaki kwenye kiwiko. "Wewe ni dereva ama mpishi ya chapati?"

Hakuna aliyecheka.

"Rota ya dereva haipotei," kapteni akasema. "Inafichwa." Kisha akasema maneno mawili ambayo kila mtu wa Kampala wa umri wangu anayajua, maana ni wachache walioambiwa hayo wakarudi. "Vua viatu."

Baba akavua. Akavipanga pamoja kando ya mlango, visigino vikigusana, kama mtu anayeingia msikitini. Bibi alikuwa amesimama kizingitini. Akafungua mdomo, akasema, "Mwanangu..." Baba, bila kugeuka, akamwambia, "Mama, rudi ndani." Bibi akarudi ndani. Nilisikia miguu yake ikienda mbiombio, kasha likifunguliwa, miguu ikirudi. Akatoka akikimbia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, mkono mmoja ameufumba ngumi, ameunyosha mbele.

Gari lilikuwa limeshapinda kona. Walimpakia Baba nyuma, pale panapowekwa mizigo.

Bibi alibaki katikati ya njia na ngumi yake. Nilidhani ameshika tasbihi. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua alichokuwa ameshika.

Adhuhuri ile ile alianza kukung'uta mikeka. Nyumba ina msiba, yeye anakung'uta mikeka. Alipofika kwenye wangu, jiwe jeupe likaanguka sakafuni, likabingirika mpaka kwenye mguu wake. Aliliokota. Alilitazama, na nikaona uso wake ukibadilika. Nikiwa mtoto niliita kubadilika kule hasira. Leo nakuita kwa jina lake: nafuu. Alikuwa kama mtu aliyebeba gunia la chumvi toka mjini, akaona punda.

"Limetoka wapi hili?"

Nikalia. Kilio kilitosha kuwa jibu.

"Jiwe moja," Bibi alisema. "Mtu mmoja. Ni wewe."

Majirani walikuwa wameanza kuja. Tangu asubuhi walikuwa wamejifungia, hakuna aliyetaka kuonekana kwenye nyumba iliyotembelewa na kapteni. Lakini habari ya jiwe ilipopenya, walimiminika. Sasa kulikuwa na kitu cha kusema. "Kumbe mtoto!" "Nilisema mimi, watoto wa siku hizi." "Mgongo haukosei hesabu." Walikaa uani wakanywa uji, wakanitazama mimi, na katika watu wazima wote wale hakuna hata mmoja aliyetamka neno kapteni. Jiwe lilikuwa limewapa ruhusa ya kulia bila kumlilia mtu aliyeuawa na mtu. Namlaumu nani? Walikuwa na watoto wao.

Nilipewa punje saba za kahawa na kuambiwa nikarudishe jiwe mwenyewe, peke yangu, nisigeuke nyuma. Nilishuka mteremko nikisoma sura zote fupi ninazozijua. Kabla sijafika nikasikia nyundo.

Walikuwa pale wanaume kama kumi wenye nyundo na mitaimbo, na lori jingine, jekundu. Nililijua. Lilikuwa la Mzee Marijani, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye kapteni alikuwa amemwamuru saa moja tu baada ya kumchukua Baba. Marijani alikuwa amekaa kwenye usukani, anatazama mbele. Upande mzima wa Mgongo ulikuwa umekatwa kama mkate, na ndani haukuwa mweusi. Ulikuwa na mistari: myekundu, ya kijivu, myeupe, imekunjwa kunjwa kama nguo ndani ya sanduku. Watu walivunja, wakabeba, wakatupa ndani ya lori, wakarudi. Na mimi nilikuwa nimekuja na jiwe moja, kubwa kama yai la kuku.

Nilitafuta mahali pake chini ya mshipa mweupe. Nikaliweka. Nikalipangia kahawa kulizunguka. Askari mmoja aliyekuwa anasimamia akaja.

"Wewe mtoto, iko nafanya nini hapa?"

"Narudisha jiwe, afande."

"Nani iliiba?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Akawaita wenzake, akawaambia, "Huyu narudisha! Sisi natoa, huyu narudisha!" Kisha akainama, akaliokota jiwe langu, akalirusha juu mara moja, akalidaka vizuri kabisa, kama msichana wa mdako, akalitupa ndani ya lori la Marijani. "Saidia kujenga," akaniambia. "Nenda nyumbani."

Nilirudi. Bibi akaniuliza, "Umerudisha?" Nikasema, "Nimerudisha." Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kwamba kwa neno hilo moja nimemzika baba yangu. Utauliza: mtoto ameona lori zima la mawe likiondoka, hakufikiri? Mtoto hafikiri hivyo. Mtoto anahesabu jiwe lake tu.

Siku saba zikaanza. Siku ya tatu Mama akasema anakwenda kambini kwa askari kuuliza.

"Hapana," Bibi akasema. "Ukimtafuta, mlango unafungwa."

"Mlango wa nani, Mama?" Mama aliuliza. "Wa jiwe, au wa kambi?"

"Yote ni milango."

Mama hakwenda kambini. Siku ya tano alichukua chupa ya chai na bakuli la uji, akajitanda leso, akaenda hospitali ya Mulago kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Alizunguka wodini akitazama nyuso, kisha akatazama kule wasikolazwa wagonjwa. Jioni alirudi na chai yake, imepoa, haijapungua. Bibi alimtazama, akatazama chupa, akasema, "Basi wewe ndiye umefunga." Kwa hiyo tukawa wawili wenye hatia ndani ya nyumba moja, mimi wa jiwe na Mama wa chai, na Bibi hakimu.

Siku ya saba tulikaa uani tangu alfajiri. Viatu vilikuwa bado kando ya mlango, hakuna aliyethubutu kuvigusa. Kila aliyepita njiani, niliinuka nimwone. Jua likazama. Mama akavichukua viatu, akavifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akaviingiza ndani. Ndiyo maziko aliyoyapata baba yangu.

Lori letu walikuja kulivuta wiki iliyofuata. Kwao rota haikuwa shida.

Kabla ya mambo yale, Bibi aliniita "mke mwenzangu", kwa utani ule wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, njoo unikune mgongo." "Mke mwenzangu, umekula fungu langu." Baada yake hakuniita hivyo tena. Aliniita "mwenye jiwe". Hakunipiga, hakuninyima chakula. "Mwambieni mwenye jiwe alete maji." Mtaa nao ukadaka. Nilimaliza darasa la saba nikiitwa hivyo, nikaolewa nikiitwa hivyo. Mume wangu aliuliza maana yake, nikamwambia nilikuwa bingwa wa mdako.

Mzee Marijani alibeba mawe ya Mgongo wiki tatu. Kama hesabu ya Bibi ingekuwa hesabu, ukoo wake wote ungefutika, na mbuzi wake juu. Marijani alizaa watoto tisa, wote wakakua, akafa mzee, ameshiba, kitandani kwake. Nilihudhuria mazishi yake. Nilihesabu watoto wake mmoja mmoja kando ya kaburi, nikafika tisa, nikarudia, nikafika tisa. Hapo ndipo kitu kilipofunguka kichwani mwangu, lakini kilifunguka nusu tu.

Mama alifariki akiwa bado na kinyongo na mumewe. "Baba yako alimchagua mama yake," alikuwa akiniambia. "Rota ile aliificha yeye." Mwaka uliofuata akafariki Bibi, mkongwe, akili yake safi. Siku za mwisho alinishika mkono, akaniita "mke mwenzangu". Nikamwambia, "Bibi, huyo alikwishakufa." Sijutii kusema hivyo. Nilijuta kidogo kesho yake, alipoacha kupumua, halafu nikaacha kujuta keshokutwa.

Keshokutwa hiyo ndipo tulipogawa vitu vyake. Mimi nikapewa kasha. Chini kabisa, chini ya sanda aliyojinunulia mapema, palikuwa na mfuko wake wa kahawa ya Ijumaa. Nikaumimina kitandani. Kati ya punje za kahawa kikaanguka kipande cheusi, urefu wa kidole gumba. Mikunjoni mwake unga ulikuwa umekauka, umekuwa mgumu kama chokaa.

Nilikaa pale na kile kipande mpaka watu wakafikiri namlilia Bibi. Nilikuwa nayaona mambo upya, moja baada ya jingine: tabasamu la Baba asubuhi ile, kasha likifunguliwa, ile ngumi iliyonyoshwa katikati ya njia. Baba alijua nani ameificha. Alivua viatu anajua. Na Bibi alikuja na rota akiwa amechelewa pumzi chache tu. Alikuwa ameificha ili amwokoe mwanawe na jiwe, au aniokoe mimi. Hilo hakuliandika popote. Onyo lake lilitimia kwa mkono wake mwenyewe. Kisha, adhuhuri ile, Mungu au shetani akamtupia jiwe jeupe miguuni, naye Bibi akanipa mimi mzigo, kwa sababu nilikuwa karibu, na shingo yangu ilikuwa ndogo, haiwezi kubisha.

Juzi wajukuu wangu walinipeleka Mgongo kama matembezi. Kiingilio, geti, vijana wenye vitambulisho shingoni. Kijana mmoja mpole, msomi wa mawe, alitupeleka moja kwa moja kwenye lile jeraha, pale palipokatwa. Akaeleza kwamba matabaka yale ni ya zamani kuliko miti, kuliko samaki, kuliko ziwa lenyewe. Akapitisha kidole juu ya mistari myekundu na ya kijivu, akasema, "Bibi, uzuri wa hapa ni huu. Kama pasingekatwa zamani, tusingeona ndani. Ilikuwa bahati nzuri sana."

"Bahati ya nani, mwanangu?" nikamwuliza.

Akadhani nimechoka. Akaniletea kiti.

Nilikaa, nikautazama ule mshipa mweupe. Nilikuwa na rota ndani ya mkoba; nilikuwa nimepanga kuiacha kwenye ufa wa jiwe, na punje za kahawa, yaishe. Lakini nilipokuwa pale nikaona huo ni ujinga mwingine. Mgongo haukuchukua mtu. Haukuwahi kumdai mtu chochote. Tuliusingizia sisi, kila mmoja kwa haja yake: Bibi apate kulala, majirani wapate kuzungumza, kapteni apate kusahauliwa. Jiwe lilinyamaza likabeba yote, maana jiwe halina mdomo. Mtoto alikuwa na mdomo, naye alinyamaza. Bibi yangu simlaani, mtu aliyekimbia namna ile na ngumi mbele halaaniwi. Lakini kusamehe ni neno la watu wenye nafasi, na mimi nimezeeka, nafasi yangu imebaki ndogo.

Getini mlinzi akatusimamisha. Lazima wakague mikoba, maana watu wanaiba mawe. Akafungua wangu, akatia mkono, akatoa rota.

"Hiki nini, jajja?" akauliza, kwa jina lile ambalo Waganda huwaita wazee.

"Kipuri cha lori."

"Lori liko wapi?"

"Lilikwenda."

Akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha ahakikishe haikutoka kwenye mwamba wa serikali. Unga ule mkavu ukamdondokea kidogo kiganjani, akaufuta kwenye suruali.

"Si jiwe," akasema, akanirudishia. "Pita."

Ndivyo nilivyopita, mbele ya wajukuu wangu, mwenye jiwe, nikiwa nimekaguliwa na serikali na kuonekana sina jiwe.